Tulifuata chupa moja: matembezi kwenye dawa za miti shamba hapa Nakivale

Mwezi huu ukurasa wetu wa matembezi haukwenda mbali. Hatukupanda gari la Mbarara, wala hatukuvuka ziwa. Tulizunguka humu humu kambini kwa siku tatu, mara kwa miguu, mara kwa boda, tukifuata chupa moja ndogo ya plastiki.

Chupa yenyewe ni ile ya maji ya kununua, nusu lita, karatasi yake imebanduliwa. Ndani yake kulikuwa na maji ya rangi ya kahawia, mazito kidogo, yenye harufu ya mizizi. Haina jina, haina tarehe, haina kipimo. Mwenye chupa ni mama mmoja jirani yetu pale New Congo. Ametupa ruhusa tusimulie habari yake, ila jina lake tusilitaje. Tumemwahidi, na ahadi ni deni.

Mama huyu alitoka Kivu ya Kusini na watoto wanne. Yeye na mume wake walipotezana njiani, na mpaka leo hajapata habari zake. Wengi wetu tunaijua hali hiyo. Mchana unachota maji, unatwanga sombe, unacheka na wenzako bombani. Usiku ukifika, watoto wakilala, ndipo kichwa kinafunguka kama soko, kila wazo linapiga kelele. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipungua, na familia nyingi za wakimbizi hapa Uganda ziliondolewa kwenye orodha ya msaada wa chakula. Na yeye akawa mmoja wao. Akaacha kwenda kanisani. Akaacha kusuka nywele. Alikuwa anakaa mlangoni tu, sufuria inaungua na yeye yuko pale pale.

Jirani mmoja akamwambia iko dawa sokoni ya kutoa huzuni. Akauza kuku, akanunua chupa. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Siku za kwanza alilala. “Nililala kama mtoto,” alituambia, “nikasema Mungu amenikumbuka.” Siku ya nne alikwenda bombani, akainama kubeba jerikani, alipoinuka akaanguka chini kama gunia. Wamama wakambeba mpaka kituo cha afya. Wakampima presha, ikakutwa iko chini sana. Muuguzi akauliza: “Mama, unakunywa dawa gani?” Akajibu kwamba ana vidonge vya presha, alivyopewa miezi iliyopita. Na ile chupa. Muuguzi akaishika, akainusa, akauliza: “Humu ndani kuna nini?”

Hakuna aliyejua. Mama mwenyewe hajui, jirani hajui, sisi tuliomsindikiza hatujui. Basi hapo ndipo matembezi yetu yalipoanzia.

Sokoni

Siku ya kwanza tulishuka sokoni Base Camp mapema, kabla jua halijawa kali. Wageni wanaokuja Nakivale kwa mara ya kwanza hushangaa. Wanategemea kuona mahema, na wanakuta mji. Kambi hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ndugu waliokimbia kutoka Rwanda, na tangu hapo kila vita ya jirani imeacha kijiji chake hapa. Upande mmoja unasikia Kiswahili cha Bukavu na cha Uvira, hatua kumi mbele ni Kirundi na Kinyarwanda, ukikata kona unakuta Wasomali na chai yao ya maziwa, na Wahabeshi wanakaanga kahawa. Nyuma ya nyumba za mwisho kuna mafunjo, kisha ziwa limelala kimya, na ng’ombe wa Wanyankole wenye pembe ndefu wanakunywa maji.

Kila taifa limekuja na dawa zake. Tulihesabu meza na mikeka ya wauza dawa, tukafika kumi na moja tukaacha. Kuna mubirizi, ule mti mchungu ambao Waganda wanauita mululuza. Kuna mchaichai umefungwa kwa kamba ya mgomba. Kuna tangawizi, unga wa mlonge, vitunguu saumu. Kwenye duka la Msomali kuna habasoda, mbegu zake na mafuta yake, na ubani wa kufukiza nyumba. Kuna magamba ya miti yamepangwa kama kuni. Na mwisho wa mstari kuna chupa kama ile yetu, nyingi, zimesimama juani.

Tuliuliza kila mmoja swali moja tu: mtu mwenye huzuni isiyokwisha unampa nini? Kumbe kila lugha ina neno lake. Mama wa Kirundi alisema *agahinda*, akaweka mkono kifuani. Msomali alitupa maneno mawili, *murug* ambayo ni huzuni, na *welwel* ambayo ni wasiwasi wa kuzunguka kichwani. Sisi Wakongomani tunasema mawazo mengi, ama moyo mzito. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba huo si ugonjwa. Wote waliutambua kabla hatujamaliza sentensi.

Majibu yalikuwa tofauti. Mama wa mchaichai alisema: “Hii haiponyeshi, wanangu. Inakutuliza kidogo ulale. Kinachoponyesha ni watu.” Msomali alisema habasoda kwa asali, na dua, na usikae peke yako. Kijana mmoja alitwambia majani ya mairungi yanatoa huzuni haraka. Ni kweli, yanachangamsha kwa masaa machache, halafu usingizi unakimbia, hamu ya chakula inakimbia, na kesho yake moyo uko chini kuliko jana. Wengine walitaja waragi. Hiyo tunaijua wote, na tunajua nyumba zilizovunjika kwa sababu yake.

Mwishowe tukamfikia kijana wa chupa. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno. Dawa yake, alisema, inatibu presha, sukari, tumbo, mgongo, mapepo, huzuni na kukosa mchumba. Mmoja wetu akauliza kama inatibu na njaa. Tukacheka wote, na yeye akacheka. Lakini tulipomtolea chupa ya mama na kumweleza kilichotokea, uso ulibadilika. Akasema kwa sauti ya chini: “Baba, mimi nauza tu. Anayechemsha ni shangazi yangu, yuko Juru.”

Juru, kwa shangazi

Siku ya pili tulipanda boda kwenda upande wa Juru. Ni kiangazi, vumbi jekundu limefunika migomba mpaka imekuwa na rangi ya matofali. Njia inapanda na kushuka kati ya mashamba ya mahindi na maharage, na kwenye vilima unaona mashamba ya matoke ya wenyeji, ndiyo sifa ya Isingiro.

Tulikwenda na hasira kidogo, tunakiri. Tulifikiri tutakuta tapeli. Tulikuta mama mtu mzima, kitambaa kichwani, anapepeta maharage na wajukuu wawili. Alitukaribisha, akatupa viti, akatutafutia maji ya kunywa. Tulipomweleza, alishika kichwa. “Mimi mwenyewe ninaikunywa hiyo dawa,” alisema. “Ningeuza sumu na mimi ninakunywa?”

Akatuonyesha sufuria yake. Aina tano alizijua vizuri: mubirizi, mchaichai, majani ya mparachichi na mengine mawili ya kwao. Ya sita ni unga wa magamba ya mizizi aliouziwa na mtu aliyepita na baiskeli, akamwambia ni dawa kali ya usingizi na ya kichwa kilichochanganyikiwa. Mti wenyewe hakuuona. Kipimo ni kiganja kimoja kwa sufuria. “Kiganja chako ama cha nani?” tuliuliza. Akatazama mkono wake, akanyamaza.

Hapa tulijifunza jambo. Huyu mama si mwongo. Ana huruma, ana ujuzi wa vitu vitano kati ya sita alivyotia, na kimoja kilichobaki ameamini mtu. Na mwenye duka ameamini yeye, na mgonjwa ameamini mwenye duka. Kwenye mnyororo wote huo hakuna aliyedanganya kwa makusudi, ila mgonjwa ameanguka. Alitupa kipande cha gamba ambacho hakijasagwa, akafunga kwenye nailoni, akasema: “Mkijua jina lake, mnirudie. Na leo sitii tena.”

Rubondo, kwa mzee

Siku ya tatu tulikwenda Rubondo kumtafuta mzee mmoja ambaye watu wa Fizi wanamheshimu kwa ujuzi wa miti. Kwetu Kongo daktari wa hospitali anaitwa munganga, na huyu wa miti ni munganga wa kienyeji, jina ni moja. Tulimkuta amekaa chini ya mwembe, redio ndogo sikioni.

Tulimpa heshima yake, tukamwomba ruhusa, tukatoa kile kipande. Alikigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akalamba ncha ya ulimi, akatema. Kisha akaturudishia.

“Mti unautambua kwa jani, ua na tunda,” alisema. “Ninyi mmeniletea ngozi. Nikiwatajia jina hapa nitakuwa mwongo. Ni chungu, lakini miti michungu ni mingi.”

Tulitamani jina. Tulikuwa tumekuja mbali. Lakini tulipokuwa tunarudi tuliona kwamba jibu lile lilikuwa dawa yenyewe. Mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi amekataa kubahatisha, na sisi tulitaka kumpa mama chupa nzima ya kubahatisha.

Mzee alitueleza pia kwamba kuna mizizi ya kutuliza mtu aliyepandwa na wazimu, na kwamba mwalimu wake alimkataza kumpa mtu mwenye huzuni. “Ule unashusha,” alisema. “Mwenye wazimu yuko juu, unamshusha. Mwenye huzuni yuko chini tayari. Ukimshusha tena anafika wapi?”

Maneno hayo yanafanana na historia moja ya kweli. Kuna mti ambao wataalamu wanauita Rauvolfia, una majina mengi kufuatana na kabila, na unamea kwenye misitu kutoka Afrika Magharibi mpaka Kongo na Uganda. Waganga wa sehemu nyingi wameutumia kwa watu waliochanganyikiwa. Uko ndugu yake wa India, na mwaka 1952 wanasayansi wa Uswisi walitoa kwenye mizizi ya huyo ndugu dawa inayoitwa reserpini. Ilitumika duniani kushusha presha na kutuliza wagonjwa wa akili. Lakini katika miaka ile ile ya 1950 madaktari waliandika kwamba baadhi ya waliokunywa waliingia kwenye huzuni nzito. Wataalamu wa baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa hatari hiyo. Kwamba inashusha presha, hapo hakuna ubishi.

Hatusemi kwamba ndicho kilichokuwa ndani ya chupa ya mama. Hatujui. Tunasema tu kwamba mti unaweza kuwa dawa ya kweli kabisa, yenye nguvu ya kweli, na kwa sababu hiyo hiyo ukamwangusha mtu. Maneno ya “haina madhara kwa sababu ni ya asili” tuyaache. Na uyoga wa sumu ni wa asili.

Chupa ya pili

Tuliporudi New Congo, habari zilikuwa zimetutangulia. Dada mmoja alitufuata jioni na chupa yake. Hii ilikuwa nzuri, nyeupe, ina kifuniko cha usalama na maandishi ya Kiingereza. Mdogo wake aliyepelekwa Marekani amemtumia kwa mkono wa mtu. “Hii siyo ya sokoni,” alisema, “hii ni ya huko, mnaionaje?”

Tulisoma: St. John's wort. Ndugu waliosoma Kifaransa wataujua kwa jina la millepertuis. Ni mmea wa Ulaya wenye maua ya manjano, unaochanua karibu na sikukuu ya Yohana Mbatizaji, tarehe 24 Juni, na ndiyo sababu ya jina lake. Kwenye milima ya Kivu na ya Rwenzori kuna jamaa za mmea huo, nazo zina maua ya manjano, lakini ndugu si pacha. Msichume maua ya mlimani mkidhani ni kitu kimoja.

Na hapa lazima tuseme ukweli wa pande mbili. Upande wa faida: huu ni mmea wa huzuni uliochunguzwa sana. Mwaka 2008 watafiti walikusanya majaribio 29, yenye wagonjwa zaidi ya 5,000, mengi ya nchi za Kijerumani. Waliona kwamba dondoo za mmea huo ziliwasaidia wenye huzuni ya kadiri kuliko vidonge visivyo na kitu, na karibu sawa na vidonge vya hospitali. Kwa huzuni ile kali kabisa, uthibitisho ni mdogo. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba miti shamba yote ni bure. Mingine inafanya kazi.

Upande wa hatari: unafanya kazi pia mahali usipoutuma. Unaliamsha ini lisafishe dawa nyingine haraka kuliko kawaida, hizo dawa zinatoka mwilini kabla hazijamaliza kazi. Mwaka 2000 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kiwango cha dawa moja ya virusi vya ukimwi mwilini kilishuka zaidi ya nusu kwa waliochanganya na mmea huu. Dawa ikishuka hivyo, virusi vinapata nafasi ya kuizoea. Vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi navyo vinaweza kupunguzwa nguvu, na mama akapata mimba ambayo hakuipanga. Dawa za kuzuia damu kuganda, nazo vilevile. Na ukiuchanganya na vidonge vya hospitali vya huzuni unaweza kutetemeka, kutoka jasho, kupata homa na kuchanganyikiwa. Hiyo ni hatari ya kwenda hospitali mbio. Tena ukiuacha leo, nguvu yake kwenye ini inabaki kama wiki mbili.

Dada alisikiliza yote, akaangalia mkono wake wa kushoto, mahali kijiti kilipo. Akafunga chupa. “Na mdogo wangu alinunua kwa upendo,” alisema. Tulimwambia upendo uko salama, aendelee nao. Chupa ndiyo aipeleke kituoni ikaonwe.

Kituo cha afya

Muuguzi alikuwa na watu wengi, lakini alitupa dakika zake. Hakututukana kwa ajili ya dawa za kienyeji. “Mimi pia mama yangu alinichemshia,” alisema. “Ninachoogopa siyo mti. Ninachoogopa ni kutoambiwa.” Alisema wagonjwa wengi wanaficha kwa sababu waliwahi kukaripiwa mahali fulani. Wakificha, yeye anaandika dawa akiwa gizani.

Alitueleza vidonge vya huzuni kwa maneno rahisi. Vile vinavyopatikana mara nyingi, kama amitriptilini na fluoxetini, havifanyi kazi siku ile ile. Vinahitaji wiki mbili mpaka nne, na watu wengi wanaviacha wiki ya kwanza wakisema havina kitu. Na ukishapata nafuu usiviache ghafla, vinaendelea kwa miezi, na kuacha ni kwa kupanga na munganga. Amitriptilini ikinywewa nyingi kwa mara moja inaharibu moyo, kwa hiyo ifungiwe mbali na watoto. Tena alisema si kila huzuni ni ya vidonge. Mtu aliyefiwa atalia, na kulia kwake si ugonjwa.

Halafu alituambia kitu ambacho mama wa mchaichai alikuwa amekwisha kusema sokoni bila kusoma popote. Hapa Uganda kwenyewe, kwenye vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ulifanyika utafiti uliotangazwa mwaka 2003. Wenyeji wa huko wana maneno mawili ya Kiganda kwa hali hii, moja maana yake ni kujichukia, lingine ni kujihurumia. Watu waliokuwa nayo walikaa kwenye vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa hapo hapo waliofundishwa. Walizungumza msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha, upweke. Waliokaa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokaa. Bila chupa hata moja.

Na kwa wakimbizi wenzetu: katika makazi ya Rhino Camp, huko kaskazini, wanawake karibu 700 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Nusu yao walikutana kwa wiki tano, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao, ya kupumua, kutuliza mawazo na kujitendea kwa upole. Baada ya miezi mitatu walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Haikuondoa njaa, haikurudisha waliopotea. Ila ilipunguza mzigo.

Mambo ya kubandika ukutani

Tumeyakusanya haya kwa ajili ya nyumba zenu. Mwenye mkasi akate.

1. Usinywe dawa ambayo anayeiuza hawezi kukutajia kila kilichomo. Uliza jina la mti, sehemu yake (jani, gamba ama mzizi), na kipimo cha kikombe, siyo cha kiganja.

2. Ukienda kituoni, nenda na chupa yako, ama gamba lako. Sema bila aibu. Kama una dawa zako za siri, mwombe munganga mzungumze wawili tu. Siri yako inabaki yako, lakini ini lako lazima litetewe.

3. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto mdogo, mwenye presha, sukari, kifafa, ugonjwa wa ini au figo, ama anayekunywa dawa za kila siku, asianze dawa ya miti bila kuuliza. Hata habasoda inaweza kushusha sukari na presha kidogo.

4. Usiache vidonge vya hospitali kwa sababu umepata chupa, na usichanganye viwili kwa kutaka upone haraka.

5. Dawa ya unga ama ya maji inayofanya kazi kwa nguvu sana siku ile ile, iogopeni. Katika nchi mbalimbali zimekutwa dawa za miti zilizotiwa vidonge vya famasi kwa siri.

6. Kikombe cha mchaichai jioni, kwa watu wengi, hakina shida. Kinywe, tena kinywe na mtu.

7. Huzuni ikizidi wiki mbili, mtu hali, halali, haogi, hana hamu ya kitu, mpeleke kituo cha afya. Akisema afadhali nife, ama nimechoka kuishi, usimkemee na usimwache peke yake. Mtolee mbali dawa za wadudu na vidonge, na mpeleke siku hiyo hiyo. Kumuuliza wazi kama anafikiria kujiua hakumpi wazo hilo. Kunampa mlango wa kusema.

Tuliporudi

Jioni ya siku ya tatu tulikwenda kumwona mama. Alikuwa ameruhusiwa, amekaa mlangoni kama zamani, lakini safari hii yuko na mama wawili wa bombani, mmoja anamsuka. Tulimwambia hatukupata jina la ule mti. Alifikiri kidogo, akasema: “Basi nilikuwa ninakunywa kitu kisicho na jina, kwa ugonjwa ambao na mimi sikuutaja jina.”

Kituoni alikuwa ameutaja, mara ya kwanza. Wamempa tarehe ya kurudi, presha inafuatwa, na kuna kikundi cha wamama ambacho atajaribu kuanza. Hajapona. Usiku wake bado ni mrefu, alituambia hivyo bila kuficha, na mume wake bado hana habari zake. Nyuma ya nyumba, hapo maji ya kuogea yanapopita, amepanda shina la mchaichai alilopewa na yule mama wa sokoni.

Na kwa shangazi wa Juru tulimtumia salamu kwa boda: jina halikupatikana, na ahadi yake ya kutotia ule unga tunaikumbuka. Alijibu kwa yule yule mwenye boda kwamba unga wote ameumwaga kwenye shimo la takataka, na kwamba tukipita tena Juru tusinunue chakula njiani.

Wasomaji wetu, mwenye ushuhuda wake wa dawa za miti, nzuri ama mbaya, atuandikie kupitia mwakilishi wa kijiji chake, na jina tutalificha akitaka. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutatembea na wavuvi wa ziwani. Mbaki na amani.